Mpishi Aliyekula Peke Yake

Katika kitongoji chetu cha Bashay, mtu ambaye moto wake umezimika aliweza kwenda asubuhi na kigae kuomba kaa kwa jirani yeyote isipokuwa mmoja. Sisi watoto hatukukatazwa kwa maneno. Tulimwona tu mama akiipita nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote, akishuka bondeni na kupanda upande wa pili kwenda kuomba moto mbali, kisha akirudi anapuliza kigae huku macho yamejaa moshi. Mwenye nyumba ile ya karibu alikuwa anasimama nyuma ya ua wake wa minyaa akimtazama.

"Umeshindwa kuuamsha tena, mama?" alikuwa akiuliza kwa utani.

"Umenishinda, baba."

Wote wawili walicheka, na mama akaendelea na safari yake. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali, na hilo ndilo swali langu la kwanza ninalolikumbuka: kwa nini mtu anayecheka hivi na jirani yake hawezi kumpa kaa la moto?

Tulimwita Mpishi. Alikuwa amewahi kuwa mpishi wa jeshi, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akimpa mtu hata punje ya hindi lililochomwa.

Alikuwa mtu wa sauti kubwa. Nadhani sauti ile ilikua kwa kuzungumza na watu kwa mbali. Ukimwamkia "Shikamoo" kutoka njiani, "Marahaba" yake ilifika mpaka kwa mwenye duka. Alijua ng'ombe wa nani amezaa, nani ameanza biashara ya mitumba Dongobesh, na basi gani jipya limekwama kwenye tope la Mbulu. Alivaa koti la mtumba lenye nembo ya timu ya mpira ya nchi asiyoijua, na wenzake wakimwuliza kwa nini hakubaki na koti lake zito la jeshi, lililokuwa la kufaa kwa baridi yetu, alisema lile lilikuwa la kuazima. Redio yake aliiweka juu ya kichuguu nje ya ua ili wapitao wasikie taarifa ya habari. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu yake. Watu walisimama njiani wakisikiliza, yeye ndani ya ua, wao nje, na taarifa ikiisha alibishana nao kuhusu vyama vingi na bei ya pareto mpaka mvua iwafukuze.

Kisha kila mtu alikwenda kwake kula, naye alikula peke yake.

Hata mkewe hakula naye. Mpishi alijijengea kibanda chake upande wa chini wa boma, chenye moto wake na chungu chake. Mkewe aliishi katika nyumba kubwa na binti yao, Paskalina, na unga wa mumewe aliuweka juu ya jiwe lililokuwa katikati. Mpishi aliuchukua akapika mwenyewe. Mkewe alimwambia mama kwamba harufu ya mboga ya kibanda kile ilimtesa kuliko kitu kingine chochote katika ndoa yake, kwa sababu mwanamume yule alikuwa anapika kumshinda yeye na hajawahi kuonja.

Kwetu Wairaqw kuna jambo linaloitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na kifo kibaya, hasa kifo cha damu, inajitenga. Haitoi moto wala haipokei. Haichoti maji pamoja na wengine, haili na watu, mpaka wazee na wafiwa wakutane na kuitakasa. Wazee wanasema ni kuwalinda majirani. Mimi, nilipofika chuo kikuu, niliandika kwamba ni kuwadhibiti majirani, na nikapata alama nzuri. Lakini maelezo yote mawili hayakumtosha Mpishi, kwa sababu katika nyumba yake hakuna aliyemwaga damu ya mtu. Kijiji kizima kilidhani aliua vitani. Wengine walimwogopa kwa hilo na wengine walimheshimu. Yeye hakuwasahihisha. Mimi nilimwuliza, likizo yangu ya kwanza kutoka chuoni, nikiwa nimesimama njiani na mfuko wa vitabu begani kama mtu aliyetumwa na serikali.

Alinieleza kwa urahisi ulionishangaza. Nadhani, ukiondoa wazee, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Vita ilipokwisha, kikosi chao kilibaki katika nchi ile ya ng'ambo ya ziwa. Waliweka kambi juu ya kilima katikati ya migomba ya watu. Mwanzoni watu walikuja na ngoma. Wanawake walileta ndizi mpaka getini, wakapewa chumvi na sabuni, bidhaa ambazo kwao zilikuwa zimepotea kabisa. Mpishi alikuwa na sufuria la kuwatosha askari wote wa kambi, na ukoko wa ugali aliwagawia watoto kupitia kwenye seng'enge. Watoto walimfundisha kuhesabu kwa lugha yao, naye akawafundisha kupiga saluti. Mwanamke mmoja alimwonyesha namna ya kuzifunga ndizi kwenye majani yake zikaiva kwa mvuke. Aliponisimulia hayo mikono yake ilifunga majani hewani, akakunja ncha, akakandamiza, akafunika.

"Tulipendwa," alisema. "Usije ukaandika huko chuoni kwenu kwamba hatukupendwa."

Halafu walikaa sana. Hilo ndilo neno lake, walikaa sana. Maji ya kambi yalitoka kwenye chemchemi ya kijiji, na msimu wa kiangazi wanawake walisubiri mpaka askari wajaze mapipa. Miti ya kuni iliisha kilimani kwa sababu ya jiko lake mwenyewe. Kuku walipotea. Wasichana wengine walihamia kwenye vibanda vya pombe karibu na geti. Watu wakaacha kuleta ndizi, wakaanza kuziuza, kisha wakaziuza ghali, na askari wakasema watu hawa hawana shukrani. Mpishi alisema alikuwa akiwasikia wenzake wakiongea hivyo kwenye foleni ya chakula, naye akiwapakulia.

Njia ya zamani ya kijiji ilipita katikati ya kambi. Kamanda aliifunga, lakini mzee mmoja aliendelea kuipita kila jioni akitoka shambani kwake. Alikuwa na masikio mazito. Walinzi walimzoea. Alipita nyuma ya jiko, akaweka kichane cha ndizi ndogo juu ya gogo la kupasulia kuni, akaenda zake. Hawakuwa na lugha moja, kwa hiyo hawakuzungumza chochote, na Mpishi alimwita rafiki.

Jioni moja walinzi walikuwa wapya, wametoka kambi nyingine. Waliita "Simama!" na mzee hakusimama.

Mpishi alikuwa anaosha sufuria.

Siku iliyofuata mke wa yule mzee alikuja na watoto wake wakakaa kwenye majani nje ya geti. Hawakupiga kelele wala kuomba kitu. Walikaa. Kesho yake wakaja tena, na siku zilizofuata. Askari waliokuwa wakitoka na kuingia walijifunza kuwazunguka. Ni Mpishi tu, kijana wa Kiiraqw kutoka Bashay, aliyeamini kwamba anajua wanachosubiri. Walikuwa wanasubiri nyumba iliyoua itoke nje, ikae nao chini, itafute wazee, itoe kondoo wa kutakasa. Hakujua kama kwao kuna desturi ya namna hiyo. Alijua tu kwamba angekuwa yeye, hicho ndicho angekisubiri. Akaenda kwa kamanda akaomba ruhusa ya kutoka, na akaomba kondoo.

"Akacheka?" nilimwuliza.

"Hakucheka. Alikuwa mtu mzuri. Alisema, mpishi, jeshi halina kondoo."

Baadaye amri ya kuhama ilikuja ghafla. Magari yalipangwa, sufuria likapakiwa, geti likafunguliwa. Mpishi alikuwa nyuma ya gari la mwisho, juu ya magunia. Yule mama alikuwa amekaa mahali pake, miguu ameinyoosha njiani. Gari la kwanza lilipofika alitazama juu, akavuta miguu yake ili magari yapite.

Hiyo ndiyo hadithi yote. Nilimwambia palepale, kwa uhakika wa mtu aliyesoma muhula mmoja wa sosholojia, kwamba hana kosa.

"Wewe hukupiga risasi."

"Nilipika."

"Kupika si kuua."

"Yule aliyepiga risasi alikula wapi jioni ile?"

Akaendelea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nyumba ni nini? Ni watu wanaokula chungu kimoja kwenye moto mmoja. Kambi ile ilikuwa na moto mmoja, na moto ulikuwa wake. Kwa hiyo nyumba iliyoua ilikuwa ya kwake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Wenzake walitoka makabila mengine, wakarudi makwao, wakaoa, wanakula na watu. Hakuwalaumu, kwao jambo hilo halipo. Lakini kwa Wairaqw lipo, na yeye alirudi Bashay.

Sijawahi kukutana na kosa la kimantiki lililonipa taabu kama lile. Nililizungukia miaka mingi. Nilimwambia desturi haivuki mpaka wa nchi, akauliza kwa nini jeshi lilivuka. Nilimwambia kambi si nyumba, ni taasisi. Akaniomba nimtafsirie taasisi kwa Kiiraqw, nikashindwa, naye akanihurumia akabadilisha mazungumzo.

Wazee walikuwa wamemjaribu kabla yangu. Walikutana juu yake zaidi ya mara moja. Walikubali kwamba kujitenga kwake kulikuwa sahihi, ila walikwama kwenye kumtoa, kwa sababu nyumba haitakaswi bila wafiwa, na wafiwa walikuwa kwenye kilima ambacho Mpishi hakuweza hata kukitaja jina. Askari walikiita kwa namba. Mzee mmoja mwenye huruma alishauri atafutwe mtu wa kukaa mahali pa wafiwa, mambo yaishe. Mpishi ndiye aliyekataa. Alisema huo utakuwa mchezo wa kuigiza, na kama ni michezo, jeshi lilikuwa na bendi.

Kanisani alisimama nje, penye dirisha la tatu, mvua au jua. Padri alimfuata akamwungamisha kule kule nje na kumwondolea dhambi, na Mpishi alipokea kwa moyo wote. Nilipomwuliza kwa nini basi bado anakula peke yake, alinitazama kama mwanafunzi mzito.

"Na Mungu tumemalizana," alisema. "Bado wale."

Usidhani alikuwa mtu wa mila kwa kila jambo. Aliwacheka waliokataa kupeleka mabinti sekondari. Alisema hirizi ni ngozi ya mbuzi iliyokosa kazi. Alikuwa wa kwanza kitongojini kuchanja ng'ombe.

Kabla sijazaliwa, aliporudi tu, alipata kazi ya ulinzi katika shamba kubwa la ngano kule chini ya mlima Hanang. Kazi ya kukaa peke yake ilimfaa. Shamba lilikuwa na matrekta, wataalamu kutoka ng'ambo na nyumba zao za mabati nyuma ya seng'enge, na jua likipiga, alisema, lilifanana sana na kambi. Wanawake wa Kibarbaig walikuwa na njia yao ya kupeleka ng'ombe majini, nayo ilipita katikati ya ngano. Njia ikafungwa. Mpishi akapewa rungu asimame pale. Akasimama, na wanawake walipokuja akageuka akatazama mlima mpaka wapite. Alifanya hivyo mpaka msimamizi alipomwona, na akafukuzwa siku hiyo hiyo. Alisimulia kufukuzwa kule kwa furaha kuliko alivyosimulia ushindi wa vita. Ila mwisho aliongeza kwamba kesho yake waliweka mlinzi mwingine, na huyo hakuwa na mazoea ya kutazama mlima.

Paskalina alipoolewa, watu wa mume walitoka Dirma. Kwa desturi baba wa bibi harusi huibariki pombe ya asali, akaionja, kibuyu kikapita kwa wakwe. Wageni hawakuwa wameelezwa vizuri. Walimwona mwanamume amesimama nyuma ya minyaa, koti la timu ya mpira limefungwa vifungo mpaka shingoni, hataki kuja kwenye sherehe ya mwanawe, wakadhani wamedharauliwa. Maneno yakaanza kupanda. Mpishi alilisikia jambo lile, akainua mikono na kuanza kubariki kutoka alipo, kwa ile sauti yake. Mvua, maziwa, watoto, njia zisizo na miiba. Alibariki kwa muda mrefu mno, kwa sababu hakuwa na kibuyu cha kumwambia lini anyamaze. Wakwe waliridhika. Paskalina alipanda gari bila kushikwa mkono na baba yake, na niliona mkewe Mpishi akitazama chini.

Mkoa wa Manyara ulipoanzishwa alipata matumaini mapya, nami nilicheka moyoni. Alisema sasa ofisi kubwa iko Babati, si Arusha, na ofisi ikiwa karibu inasikia. Alikwenda amevaa viatu vya kuazima. Kijana wa mapokezi alimsikiliza akadhani anadai kiinua mgongo. Alipoelewa kwamba mzee huyu anataka serikali imtafutie familia asiyoijua jina, kwenye kilima asichokijua jina, ili akakae nao chini, alimwambia kwa adabu kwamba hilo ni la Mambo ya Nje. Mpishi alirudi akilisimulia hilo kwenye kichuguu cha redio mpaka watu wakashika mbavu. "Nimeambiwa mimi ni mambo ya nje," alisema. Aliwachekesha wote. Kisha alizima redio kabla ya taarifa ya habari, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Mimi ndiye niliyeahidi kumsaidia. Chuoni nilisoma na dada mmoja kutoka nchi ile, na alipomaliza akarudi kwao. Nilimwandikia kila kitu nilichokusanya: chemchemi, ndizi zilizopanda bei, seng'enge, barabara iliyopinda kabla ya geti. Alilichukua jambo hilo kwa bidii, akazunguka vilima vya kwao siku za mapumziko, na hatimaye akakipata kilima ambacho wazee walisema ndicho. Wanawake wazee waliwakumbuka askari wetu vizuri. Walikumbuka chumvi. Kuhusu mzee aliyepigwa risasi njiani, mmoja alisema ndiyo, mwingine akasema huyo alikuwa wa kilima kingine, wa tatu akauliza ni yupi kati ya wengi, maana baada ya askari wetu walikuja wengine, na wengine. Familia yoyote iliyokuwa pale ilikuwa imeshatawanyika. Rafiki yangu alinitumia picha moja. Niliichapisha Arusha nikapanda basi la nyumbani.

Mkewe Mpishi alinisubiri kwetu. Mumewe alikuwa ameanza kukohoa, na usiku alimsikia kutoka kibandani, hawezi kuvuka lile jiwe la unga kumfikishia hata maji ya moto. Aliitazama picha, akairudisha.

"Mwambie wamesamehe," alisema. "Nani atakwenda kuuliza?"

Mama alikuwapo, akipuliza moto wake. Mimi, ninayebishana na kila mtu kuhusu ukweli, nilikubali. Nilipanga maneno njiani. Mama mzee, macho mazuri, amesema yameisha.

Mpishi alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya ua. Nilimwamkia, akaitika, na marahaba yake haikufika mbali. Nikaiweka picha juu ya nguzo ya geti, nikarudi nyuma, akaja akaichukua.

"Rafiki yako amekaa nao?" aliuliza kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa na uongo wote tayari. "Hakuwapata," nilisema.

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Aliitazama picha muda mrefu. Kulikuwa na nyasi, msingi wa saruji ulioota magugu, na katikati yake njia nyembamba iliyokanyagwa ikawa nyekundu.

"Seng'enge hakuna."

"Hakuna, baba."

"Na njia imerudi." Alipitisha kidole juu yake. "Jiko lilikuwa hapa. Basi watu wanapita."

Ndipo hasira ikanijia, sijui kwa nani. Nilimwambia yatosha. Nilimwambia nitaingia kibandani mwake sasa hivi, nichukue kaa la moto, nilipeleke kwetu, tupikie chai, sote tunywe, na kesho kila mtu ataona hakuna aliyekufa. Nilikuwa nimeshashika geti.

"Wewe unaamini kwamba kaa langu litawadhuru?" aliuliza.

"Siamini hata kidogo."

"Ndiyo maana." Alisema kwa upole kabisa. "Ukilichukua wewe, mwanangu, ni kaa tu."

Niliachia geti. Sikujua la kufanya, na sikutaka kwenda kwa mkewe nikiwa sina kitu. Nikakaa chini kwenye majani, pale pale nje ya geti lake, miguu nimeinyoosha njiani. Alinitazama. Alirudi kwenye kigoda chake akakaa, picha gotini, na tukawa hivyo, yeye ndani, mimi nje. Nilisubiri atoke. Nilifikiri kwamba nikikaa vya kutosha, atatoka.

Jua lilipoteremka nilisikia kengele za ng'ombe wa mkewe zikipanda kutoka bondeni. Mpishi alisimama kwa shida, akaja mpaka getini, akalifungua lote. Alisimama ndani ya ua, vidole vya miguu vimeishia pale kivuli cha nguzo kilipoishia.

"Vuta miguu, mwanangu," alisema. "Ng'ombe wanarudi."

Nikavuta miguu.